Mikoche ya Rusizi Inamsubiri Mpanzi

Wakazi wa Carama na mitaa mingine ya kaskazini mwa Bujumbura wana bahati ya kuishi jirani na Hifadhi ya Taifa ya Rusizi. Wengi wakienda huko huishia deltani, kati ya Rusizi Kubwa na Rusizi Ndogo, ambako mikono miwili ya mto na ziwa Tanganyika vimeizingira nchi kavu hata ikawa mithili ya kisiwa. (Ulizia kwanza hali ya maji: Aprili 2020 mto ulifurika Gatumba, jirani na delta, na kuwahamisha maelfu ya watu.) Huangalia viboko, hupiga picha, hurudi mjini. Upande wa Gihanga wageni ni haba, nako ndiko iliko mikoche, miti ya jamii ya mtende, na kwa mtu wa mimea ndiko kwenye mambo.

Tunda la mkoche ni la kahawia, gumu, la kujaa kiganja. Kokwa ikipata unyevu haichomozi juu kwanza. Husukuma chini mrija mnene, na mche huanzia humo ardhini, ndiyo maana moto wa nyasi unaweza kupita usiuue. Shina huchelewa miaka kadhaa; kabla ya hapo ni majani tu, ya kuliwa na ng'ombe na kufyekwa na mwenye jembe asiyejua anafyeka nini.

Tatizo jingine ni usafiri. Tunda zito hivyo huangukia chini ya mama yake na kukaa hapohapo. Kwingineko Afrika hubebwa na tembo: hulimeza zima, kisha huiacha kokwa mbali, ndani ya kinyesi. Burundi haina tena tembo wa porini.

Mauritius walikutwa na mkasa wa aina hiyo. Île aux Aigrettes, kisiwa cha hekta 26 kilichofanywa hifadhi mwaka 1965, mpingo wake (si ndugu wa mpingo wa Mtwara) ulikatwa kuni miaka na miaka, na kobe wakubwa waliokuwa wakila matunda yake walikuwa wamekwisha kutoweka duniani. Wahifadhi waliondoa panya na magugu, wakaotesha miche ya asili, kisha mwaka 2000 wakaanza kuleta kobe wakubwa wa aina nyingine, wa kisiwa cha Aldabra. Kobe wakala, wakatembea, miche ikaota mbali na miti mama. Tena mbegu zilizopita tumboni zikachipua vizuri zaidi. Leo mgeni huvushwa kwa mashua kutoka karibu na Mahébourg na kutembezwa na mwongozaji.

Sisemi tulete tembo Gihanga. Mashamba ya mpunga yapo hapohapo. Kokwa zinaweza kubebwa na watu na kufukiwa mahali palipo wazi, mradi ng'ombe wazuiwe kuingia. Hiyo ni kazi nafuu kuliko kitalu cha mikaratusi, na ina faida zaidi kwa bonde la Rusizi.

Ukienda Rusizi, mwombe mwongozaji akuonyeshe mikoche michanga. Asipoipata, muulize kwa nini.