Karai la kukaangia: lipi la kununua, lipi la kuacha sokoni

Malipo ya korosho yakishaingia, vyombo vya jikoni huuzika haraka Masasi na Newala, na karai ni mojawapo. Wengi hugonga kidole, wakasikia mlio, wakalipa. Leo tunaomba muangalie zaidi ya hapo, maana si kila chenye umbo la karai kinafaa kupikiwa watoto.

Karai na jina lake vilitufikia kutoka kwa Wahindi. Wachina wana la kwao liitwalo wok, lile mnaloliona kwenye video za simu likirushwarushwa juu ya moto. Hivyo viwili ni ndugu: kitako cha mviringo na kuta zinazopanda taratibu. Mafuta kidogo hujikusanya kitakoni penye moto mkali, na kilichoiva unakisukuma pembeni. Umbo hilo linakaa vizuri kwenye mafiga matatu. Kwenye jiko bapa la gesi huyumba, hivyo mwenye gesi atafute lenye kitako kilichonyooka kidogo.

Tuje sokoni. Nenda na sumaku, hata ile ya spika mbovu ya redio. Ikinata, hilo ni chuma. Isiponata, mara nyingi ni alumini. Alumini ya kiwandani haina neno kubwa. Tahadhari ni kwa yale yanayotengenezwa kwa kuyeyusha vyuma chakavu, kwa sababu fundi hajui kila kilichoingia kwenye tanuru. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya vipimo vya vyombo 42 vya namna hiyo kutoka nchi 10, Tanzania ikiwamo. Karibu theluthi moja vilitoa madini ya risasi ya kiasi cha kutia wasiwasi. Risasi haina rangi wala ladha ndani ya mboga, na huharibu ubongo wa mtoto anayekua. Hatusemi kila fundi anauza sumu. Tunasema kwa macho huwezi kujua.

Sumaku hunata pia kwenye karai la zege, lile la mafundi ujenzi, kwa hiyo angalia rangi. Likiwa limepakwa rangi, au linang'aa kama bati jipya la kuezekea, waachie wenye saruji. Mpako huo haukuwekwa kwa ajili ya chakula. Vivyo hivyo karai lililokatwa kwenye pipa la viuatilifu vya mikorosho: hakuna kuosha kunakolisafisha.

Na kuna la huku kwetu hasa. Chombo kilichochomea korosho zenye maganda kibaki na kazi hiyo hiyo. Mafuta ya ganda la korosho yanababua ngozi, kama anavyojua kila aliyebangua kwa mikono mitupu. Usikikaangie maandazi jioni.

Chuma cheusi kisichopakwa kitu ndicho tunachokipendekeza. Likiwa jipya, lioshe kwa sabuni, likaushe motoni, kisha lipake mafuta ya kula kwa kitambaa, membamba kabisa. Liache juu ya moto mpaka moshi uishe. Rudia mara tatu au nne. Litageuka jeusi, na weusi huo si uchafu. Ndio unaozuia kutu na kufanya chakula kisigande. Anayelisugua kwa mchanga mpaka ling'ae anaanza upya. Baada ya kupika, maji ya moto kidogo na kitambaa vinatosha, halafu likaushe motoni na ulipake mafuta. Newala, mahali ambapo dumu la maji hununuliwa, hiyo nayo ni nafuu. Chakula kisilale humo, hasa chenye nyanya au ndimu. Chuma huongeza madini ya chuma kwenye mboga, jambo jema kwa mwenye upungufu wa damu, ila mama mjamzito aendelee na vidonge vya kliniki.

Kupika kwenyewe ni kwa haraka, kwa hiyo katakata kila kitu kabla ya kuwasha moto. Mboga ziwe zimechuja maji. Pasha karai likiwa tupu. Tone la maji likirukaruka, tia mafuta, kitunguu, karoti au bamia, mwisho majani ya kunde au mchicha. Geuza bila kuacha. Usijaze, maana mboga nyingi kwa pamoja hutoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Korosho zilizobanguliwa au ufuta vikaangwe pembeni na kunyunyizwa juu mwishoni. Wenye ufuta wao shambani wana bahati hapo.

Lakini kisamvu msikiingize kwenye mtindo huu. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, lazima yatwangwe na kuchemshwa muda mrefu kwanza. Mbaazi nazo zichemshwe hadi ziive ndipo zikaangwe. Ming'oko ibaki kwenye sufuria yake.

Mafuta yakishika moto, usimwage maji, yatalipuka. Funika karai kwa mfuniko au sinia la chuma, vuta kuni nje, na usilibebe mpaka lipoe.