Kaburi la Ng'ambo na Faraja ya Mfiwa

Msiba hauna dini. Hapa kwetu Mombasa kilio kikisikika alfajiri, mtu haulizi kwanza kama mfiwa ni wa msikitini au ni wa kanisani. Huvaa kanzu yake akatoka. Lakini siku zikisha kupita, watu wakatawanyika na mikeka ikakunjwa, kila mfiwa hubaki na imani yake, na hapo ndipo uzito wa imani hiyo hujulikana.

Mara nyingi nimesikia wenzangu Waislamu wakiuliza: Je, hawa jirani zetu Wakristo wanapofiwa hujiliwaza kwa jambo gani? Sisi tuna subira, tuna dua, tuna hitima. Wao wana nini zaidi ya kuimba usiku kucha? Swali hilo si baya, lakini halifai kujibiwa kwa kudhani. Mimi nitalijibu kwa kisa cha msiba mmoja ambao kaburi lake liko papa hapa kwetu, ng'ambo ya Mji wa Kale, upande wa Nyali. Wengi wetu twapita karibu nalo wala hatujui ni la nani.

Kaburi hilo ni la Rosine, mke wa Johann Ludwig Krapf. Krapf alikuwa Mjerumani, aliyezaliwa mwaka 1810 karibu na mji wa Tübingen, naye alitumwa huku na Church Missionary Society, chama cha Waingereza cha kueneza Ukristo. Kabla ya kufika pwani yetu alikaa Uhabeshi miaka kadhaa. Huko huko, mwaka 1843, wakiwa safarini nyikani, Rosine alijifungua mtoto wa kike kabla ya siku zake kutimia. Mtoto aliishi saa chache tu. Baba yake alimpa jina la Eneba, maana yake chozi, kisha wakamzika na kuendelea na safari.

Mwezi wa Januari 1844 Krapf na mkewe walifika Unguja. Sayyid Said bin Sultan aliwapokea vizuri, akampa Krapf barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Kwa barua hiyo walikuja kukaa Mombasa. Mwezi wa Juni Krapf alianza kutafsiri kwa Kiswahili kitabu cha kwanza cha Taurati, na aliyemsaidia katika kazi hiyo hakuwa mwingine ila Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali. Hebu fikiri, msomaji: Mjerumani Mkristo na Kadhi Mwislamu wamekaa pamoja, wakitafuta neno la Kiswahili la kueleza uumbaji wa mbingu na ardhi!

Kazi haijafika mbali, homa iliingia nyumbani. Mwanzoni mwa Julai Krapf aliugua, na baada ya siku chache mkewe naye akalala. Katika hali hiyo ya ugonjwa Rosine alijifungua mtoto wa pili, naye pia wa kike. Siku hazikuwa nyingi, mama akafariki. Mtoto naye hakukawia, akamfuata mama yake. Baba alikuwa hoi kitandani, nguvu za kusimama hana. Walizikwa barani, si kisiwani, mahali ambapo kaburi lao liko hata leo.

Basi tuulize: mtu huyu alijiliwaza kwa nini? Alikuwa mgeni wa miezi michache tu. Hakuwa na ndugu wala jamaa, na hapakuwa na kanisa hata moja mjini. Hapakuwa na kwaya ya kumwimbia wala padri wa kumwombea. Alichokuwa nacho ni ile imani tu aliyokuja nayo.

Jambo la kwanza, hakuificha huzuni yake. Katika kitabu chake cha safari, kilichotoka Ujerumani mwaka 1858, amesimulia msiba huo kwa maneno ya mtu aliyeumia. Hapa wako Waislamu na Wakristo pia wanaokosea, wakidhani kwamba mwenye imani hapaswi kulia. Injili ya Yohana yasema Yesu alilia alipofika kwenye kaburi la rafiki yake Lazaro. Na sisi twajua kwamba Nabii Yaakubu alimlilia Yusufu hata macho yake yakawa meupe kwa huzuni, na kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe mdogo Ibrahim. Chozi si kufuru. Kinachokatazwa ni kumlaumu Mola.

Jambo la pili ni tumaini la kufufuliwa. Hapa dini zetu zinakutana kisha zinaachana, wala hakuna haja ya kuficha. Sote twaamini kiyama, na kwamba waliokufa watafufuliwa. Lakini Mkristo tumaini lake amelifunga kwa Yesu mwenyewe: yeye aamini kwamba Yesu alikufa msalabani, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, na kwamba kwa sababu hiyo wafu wake nao watafufuka. Sisi kwa mafundisho ya Qur'ani hatukubali kwamba Nabii Isa aliuawa. Tofauti hiyo ni kubwa na itabaki. Hata hivyo, ukiifahamu utaelewa kwa nini matangani kwao husomwa habari za kaburi lililokutwa tupu, na kwa nini huimba ilhali wamefiwa. Hawaimbi kwa furaha. Huimba kwa sababu ndivyo wanavyojikumbusha, kwa sauti ya wengi, ahadi ambayo mfiwa peke yake hana nguvu za kuitamka.

Jambo la tatu, na kwangu mimi ndilo kubwa, ni kwamba imani haikumwondolea Krapf msiba wake, bali ilimpa la kufanya. Aliwaandikia wakubwa wake London kwamba sasa liko kaburi la mmoja wao katika pwani hii, na kwamba hiyo ni dalili ya kuwa kazi imeanza wala haikukatika. Mtu mwingine angalipanda chombo akarudi kwao, wala hakuna ambaye angalimlaumu. Yeye alibaki. Mwaka 1846 alipata mwenziwe, Johannes Rebmann, wakahamia Rabai. Mwaka 1847 sura tatu za ile tafsiri zilichapishwa Marekani, na mwaka 1850 kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilipigwa chapa Tübingen. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka London mwaka 1882, naye alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Ndani ya kamusi hiyo yamo maneno ya Kimvita ya babu zetu ambayo leo twayatafuta midomoni mwa wazee bila ya kuyapata.

Najua yuko msomaji atakayesema: mbona wamsifu mtu ambaye hakuipenda dini yetu? Ni kweli. Krapf aliandika maneno makali juu ya Uislamu, na hata hati ya Kiarabu, ambayo Kiswahili kilikuwa kikiandikwa kwayo kwa karne nyingi, hakutaka itumiwe. Hayo mimi siyatetei. Lakini kumfahamu mfiwa si kumkubalia kila neno lake. Mbele ya kaburi la mama na mtoto mchanga, mjadala hungoja.

Na hilo ndilo ninalotaka tulichukue. Leo jirani zetu Wakristo si wageni wa miezi michache. Kisauni, Rabai na Changamwe wanazaliwa na kuzikwa kama sisi. Wanapofiwa tusiende na uso wa kupima imani yao. Tukiingia matangani tuseme makiwa, tukae, tunyamaze. Wakisimama kuomba, nasi tukae kwa adabu. Hakuna atakayetulazimisha kutamka tusiloliamini. Mfiwa akikwambia kwamba Yesu anamshika mkono, usimpinge, wala usimdanganye kwamba nawe waamini vivyo hivyo. Mwambie tu: Mungu akupe nguvu. Neno hilo ni la kweli kwako na ni la kweli kwake.

Kisha usiishie siku ya maziko. Mfiwa huhitaji watu zaidi pale wengine wanapokwisha kuondoka. Mpelekee sahani ya chakula wiki ya pili, na mwezi wa pili umwulizie hali. Imani yake itafanya kazi yake moyoni, na kazi yetu majirani ni kuhakikisha hajiliwazi peke yake. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na methali hiyo, kama msiba wenyewe, haikutaja dini.