Oga na Ogelea: Mzizi Mmoja, Maana Mbili

Katika Kiswahili sanifu, oga ni kujisafisha mwili kwa maji, ilhali ogelea ni kwenda majini kwa kupiga mikono na miguu. Tofauti hiyo ni zao la unyambulishaji. Mzizi -og- ni wa kale katika lugha za Kibantu, nao ulibeba maana zote mbili.

Kiswahili kiliugawa mzigo huo. Kauli ya kutendea huzaa ogea, kama katika "sabuni ya kuogea". Kauli hiyo ikirudiwa, sauti /l/ iliyodondoka kati ya irabu hurejea, na hupatikana ogelea, kama katika "bwawa la kuogelea". Ndivyo enda ilivyozaa endea, kisha endelea; na shika ikazaa shikia, kisha shikilia. Urudiaji huo huleta dhana ya kudumu katika tendo.

Huko Kibondo na Kasulu, katika nyanda za juu za Kigoma, husemwa Kiha, ndugu wa Kirundi na Kinyarwanda. Katika kundi hilo, -oga hutosha kwa matendo yote mawili. Kwa hiyo mwanafunzi Muha aandikapo "watoto wanaoga katika Mto Malagarasi", akikusudia kuogelea, hakuandika kwa uzembe. Amebaki na maana pana ya kale, ambayo Kiswahili kimekwisha kuibana. Mwalimu ajuaye hilo hatamkemea, bali atamfundisha kazi ya kiambishi. Kwani palipoandikwa kandokando ya mto "Usioge hapa", wasomaji wawili waweza kuelewa makatazo mawili.