Kuifanya Kompyuta Kuukuu Iendeshe Vyema Michezo ya Kufundishia

Utangulizi

Katika shule moja ya msingi hapa Kagongwa tulikaa nyuma ya darasa la nne kuangalia somo la Hisabati. Mwalimu alikuwa amepanga mbele kompyuta nne kuukuu, zilizotolewa na ofisi iliyokuwa ikibadilisha vyombo vyake. Ndani yake mlikuwa na mchezo wa Tux Math. Katika mchezo huo vimondo hushuka kutoka juu ya kioo, kila kimoja kikiwa kimebeba swali. Mwanafunzi huandika jibu, hubonyeza kitufe, na kimondo hulipuliwa kabla hakijafika chini.

Msichana mmoja alipata swali la 7 × 8. Aliandika 56 bila kusita. Kompyuta ikaganda, kimondo kikasimama, kisha kikaruka ghafla hadi chini. Wenzake wakacheka. Mtoto akageuka, akasema, "Nimeandika 56, mwalimu, lakini haijasikia." Mwalimu, aliyekuwa akihudumia kundi jingine, alimjibu bila kutazama, "Rudi ukalikariri jedwali la saba."

Ndugu wanachuo, kosa halikuwa la mtoto. Alijua jibu, na chombo kikamkanusha mbele ya wenzake. Zana ya kufundishia inayochelewa kujibu ina madhara kuliko kutokuwa na zana, kwa sababu humfundisha mtoto kwamba hajui jambo analolijua. Katika makala hii tutaeleza kwa nini kompyuta kuukuu husitasita, na jinsi mwalimu anavyoweza kuirekebisha kwa gharama ndogo.

Kwa nini mchezo husitasita

Picha inayotembea katika kioo ni mfuatano wa picha nyingi zilizotulia. Kompyuta ikichora picha 60 kwa sekunde, jicho huona mwendo laini. Ikichora 10 tu, mwendo huonekana wa kurukaruka, na mchezo huchelewa kupokea kitufe kilichobonyezwa. Kazi hiyo hutegemea viungo vitatu.

Kwanza ni prosesa, ambayo ndiyo ifanyayo mahesabu. Pili ni kumbukumbu ya kazi, ile ambayo mafundi huiita RAM, nayo twaweza kuifananisha na meza ya mwalimu: vitu vinavyotumika sasa huwekwa juu yake. Tatu ni diski, ambayo ni kama kabati la stoo. Meza ikijaa, mwalimu hulazimika kwenda stoo kila anapohitaji daftari. Ndivyo ifanyavyo kompyuta yenye RAM ndogo: huhamishia kazi katika diski, ambayo ni ya polepole mno, na hapo ndipo mchezo unapoganda. Aidha, kompyuta nyingi za bei nafuu hazina kumbukumbu ya pekee kwa ajili ya picha. Huazima sehemu ya RAM hiyo hiyo.

Kupima kabla ya kutengeneza

Hapana budi mwalimu apime kwanza. Achukue saa, aandike katika daftari muda unaopita tangu kubonyeza swichi hadi kompyuta iwe tayari, na tangu kuufungua mchezo hadi swali la kwanza lionekane. Apime mara tatu, atafute wastani. Kisha abadilishe jambo moja tu, na apime tena. Akibadilisha mambo matano kwa siku moja hatajua lipi lililomsaidia. Kazi hii yafaa sana kufanywa na wanafunzi wa madarasa ya juu, kwani ndani yake mna wastani, majedwali na njia ya kisayansi ya kujaribu jambo.

Hatua za kufuata

1. Vumbi na joto. Kila aijuaye Kagongwa anajua habari ya mashine zake za kukoboa mpunga na malori yapitayo katika barabara kuu ya Isaka kwenda Kahama. Wakati wa kiangazi vumbi la ardhi huchanganyika na vumbi la pumba, likaingia kila mahali. Katika kompyuta hukaa katika feni na katika mabamba ya kupozea prosesa. Prosesa inapopata joto kupita kiasi hupunguza mwendo wake yenyewe ili isiungue. Kwa hiyo mchezo ukianza vizuri na kuharibika baada ya dakika kumi, shuku joto kwanza.

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu wake, na usafishe kwa brashi laini ya rangi iliyo kavu. Pampu ya baiskeli yafaa kwa kupuliza. Zuia feni kwa kidole isizunguke wakati wa kupuliza. Usitumie kitambaa chenye maji. Gusa chuma cha boksi la kompyuta kabla ya kushika vipande vya ndani, ili umeme tuli wa mwilini usiviharibu. Usifungue kamwe lile boksi la ndani linalopokea umeme wa ukutani. Huweza kubaki na umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa. Baada ya kusafisha, weka kompyuta juu ya meza, mbali kidogo na ukuta, na uifunike kwa kitambaa inapokuwa imezimwa na kupoa.

2. Kupunguza mzigo. Programu nyingi hujianzisha zenyewe kompyuta inapowaka, zikakaa katika RAM bila kazi. Katika Windows 10, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja; litafunguka dirisha linaloonyesha programu zinazotumia prosesa na kumbukumbu, pamoja na orodha ya zile zinazojianzisha. Zima zisizohitajika darasani, lakini usiiguse programu ya kuzuia virusi. Kisha tazama mipangilio ya umeme: ikiwa kompyuta imewekwa katika hali ya kubana umeme, iweke katika hali ya nguvu kamili wakati wa somo. Jihadharini na programu zinazoahidi kuongeza mwendo kwa kubonyeza mara moja. Nyingi hazina faida, na baadhi yake huleta virusi.

3. Kupunguza ukubwa wa picha. Hatua hii haigharimu hata senti moja. Kioo chenye nukta 1366 kwa 768 huidai kompyuta ichore nukta 1,049,088 kwa kila picha. Mchezo ukiwekwa katika nukta 800 kwa 600, kazi hiyo hushuka hadi nukta 480,000, yaani chini ya nusu. Mtoto anayefanya hesabu za kuzidisha hapotezi chochote, maana tarakimu husomeka vilevile. Zima pia vivuli na madoido ya madirisha.

4. Kuongeza RAM na kubadili diski. Ikiwa zipo fedha kidogo, hapa ndipo mahali pa kuzitumia. Kompyuta yenye RAM ya GB 2 ikiongezwa hadi GB 4 hupata nafuu kubwa. Katika kompyuta nyingi, vipande viwili vinavyolingana hufanya kazi vizuri kuliko kipande kimoja cha ukubwa wa vyote viwili, hasa pale ambapo picha huazima RAM. Lazima aina ilingane: kipande cha DDR3 hakiingii katika nafasi ya DDR2. Mwalimu akatoe kipande cha zamani aende nacho kwa fundi mjini Kahama, kuliko kukieleza kwa maneno.

Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka, na kwa sababu hiyo kompyuta huwaka na kufungua programu kwa muda mfupi zaidi. Hata hivyo tusijidanganye: SSD huharakisha kufungua mchezo, lakini haiongezi nguvu ya kuchora picha. Kabla ya kubadili diski, nakili kumbukumbu zote za shule mahali pengine.

5. Kuchagua mfumo endeshi mwepesi. Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 huhitaji angalau GB 4 za RAM pamoja na sifa ambazo kompyuta nyingi kuukuu hazina. Njia iliyopo ni kutumia Linux, ambayo hutolewa bure. Lubuntu, na Linux Mint ya aina ya Xfce, zimetengenezwa kwa kujali kompyuta dhaifu. Zote huweza kujaribiwa kutoka katika flashi bila kufuta kitu katika diski.

Michezo ya kufundishia nayo hupatikana bure. Pamoja na Tux Math, upo Tux Paint wa kuchora, na mkusanyiko wa GCompris, ulioanzishwa mwaka 2000 na Mfaransa Bruno Coudoin, wenye kazi zaidi ya mia moja za kusoma, kuhesabu na kutumia kipanya. Mkishaiweka katika kompyuta, michezo hii huendelea bila intaneti.

Hesabu ya muda darasani

Tuchukulie darasa la wanafunzi 80, kompyuta 4, na kipindi cha dakika 40. Tukigawa makundi manne ya wanafunzi 20, watano kwa kila kompyuta, kila kundi hupata dakika 10, na kila mtoto dakika 2. Ikiwa kompyuta huchukua dakika 8 kuwaka na kufungua mchezo, zinabaki dakika 32. Kila kundi linapata dakika 8, na kila mtoto dakika 1 na sekunde 36. Hiyo ni sehemu moja ya tano ya haki ya mtoto iliyopotea kabla hajagusa kitufe. Kwa hiyo mwalimu awashe kompyuta kabla ya kipindi, na aujaribu mchezo mwenyewe kama ajaribuvyo chaki ubaoni.

Makundi yanayosubiri wasikae bure. Wapewe maswali yale yale katika madaftari, au wacheze bao, ambalo Wasukuma huliita isolo. Nalo pia ni mchezo wa kuhesabu, na halihitaji umeme. Mchezo uonekane katika andalio la somo kwa lengo lililotajwa, usiwe zawadi ya kupoteza muda. Na mtoto akisema kompyuta haikusikia, mwalimu ajaribu mwenyewe swali hilo hilo kabla ya kumhukumu.

Hitimisho

Katika shule tuliyoitaja, kompyuta zilifunguliwa siku ya Jumamosi. Vumbi lililotoka lilijaza kifuniko cha ndoo. Ukubwa wa picha ulipunguzwa, programu zisizohitajika zikazimwa, na RAM ikahamishwa kutoka kompyuta moja iliyokuwa mbovu kabisa hadi nyingine mbili. Hakuna kilichonunuliwa. Katika kipindi cha wiki iliyofuata mwalimu alimwita yule msichana awe wa kwanza, akaliambia darasa kwamba siku ile jibu lake lilikuwa sahihi na chombo ndicho kilichokosea. Kazi ya Jumamosi ilikuwa ya kiufundi. Kauli hiyo ilikuwa ya kiualimu, na bila hiyo matengenezo yasingekamilika.

Maswali ya kujadili

1. Mchezo huanza vizuri lakini baada ya dakika 15 huanza kurukaruka. Ni kiungo gani utakichunguza kwanza, na kwa nini?
2. Tafuta idadi ya nukta katika kioo cha 1024 kwa 768, kisha ilinganishe na ile ya 800 kwa 600.
3. Andaa somo la dakika 40 la Hisabati, darasa la tatu, kwa wanafunzi 60 na kompyuta 3. Eleza kila kundi litafanya nini wakati wa kusubiri.