Sura ya Tano: Mzigo Una Risiti

Nilikuwa na miaka tisa niliposafiri peke yangu kwa basi kutoka Korogwe kwenda Moshi. Nasema peke yangu kwa sababu ndivyo nilivyojisifu shuleni likizo ilipoisha. Kumbukumbu yenyewe ina watu wengi. Baba alinipandisha, akanikalisha kiti cha nyuma ya dereva, akamwita konda pembeni. "Kaka, huyu kijana wako. Anashuka Moshi stendi, shangazi yake atampokea. Usimwachie mtu mwingine." Konda akaitikia huku anahesabu chenji. Baba hakuridhika, akamgeukia mama mmoja mwenye kikapu aliyekaa jirani yangu, akamsalimu, akayarudia yale yale. Yule mama ndiye aliyenichunga njia nzima. Tuliposimama Same alinishika mkono hadi chooni, akaningoja mlangoni, akanirudisha kitini.

Moshi, shangazi hakuwepo. Basi lilikuwa linaendelea Arusha, na mama wa kikapu alikuwa anaendelea nalo. Konda alisimama na mimi dakika chache, akatazama saa, kisha akanipeleka kwa mwanamke aliyekuwa anauza ndizi kwenye kona ya stendi. "Mama, nitunzie huyu mpaka ndugu zake waje." Nikakaa kwenye kreti hadi jua likaanza kuzama. Muuza ndizi alinihoji jina la ukoo, kazi ya mume wa shangazi, kanisa wanakosali, akamtuma kijana wa mkokoteni aulizie. Magharibi shangazi akafika mbio, kanga imemwanguka begani. Barua ya baba ya kumtaarifu ujio wangu ilifika siku mbili baada yangu.

Miaka mingi baadaye, stendi ya Magufuli pale Mbezi, nilikuwa natuma boksi la vitabu kwenda mkoani. Karani aliandika jina langu, jina la mpokeaji, namba zetu mbili za simu na kilichomo ndani, akanipa risiti, akanionya kwamba asiye na kitambulisho hatapewa mzigo. Hatua chache kutoka dirisha lile, mama mmoja alikuwa anampandisha mtoto wa kiume wa kama miaka saba. Nilisikia maneno yale yale ya baba: kaka, huyu kijana wako. Hakuna kilichoandikwa popote. Vitabu vyangu vilikuwa na karatasi, yule mtoto hakuwa nayo.

Wazazi wanaponiuliza kuhusu safari za watoto, swali la kwanza huwa la umri. Aanze na miaka mingapi? Mimi huanzia kwingine: nani anampokea, na njia ikoje? Umri una nafasi yake, nami nitautaja kwa namba kabla sura haijaisha. Ila mtoto wa miaka saba anayekwenda dukani kwenye uchochoro wa mtaa wao, ambako kila kibaraza kina mtu anayemjua kwa jina la mama yake, na mtoto wa miaka saba anayevuka barabara ya Kilwa pale Mbagala, ni watoto wawili tofauti kabisa hata kama ni yule yule.

Tuanze na mwili wake, maana hapa sayansi haina utani. Mwanasaikolojia wa Sweden, Stina Sandels, aliwachunguza watoto wadogo barabarani miaka ya 1960, akafikia hitimisho ambalo wengi hawakulipenda: huwezi kumfundisha mtoto mdogo mpaka akawa salama kwenye magari, kwa sababu anachokosa ni ukuaji, na ukuaji haufundishwi. Ni mfupi, kwa hiyo gari lililoegeshwa kwake ni ukuta. Akiona mpira au rafiki ng'ambo ya pili, akili yote inahamia kule. Anaweza kukuimbia kanuni ya kutazama kulia, kushoto na kulia tena bila kukosea, kisha akaruka barabarani dakika ile ile.

Liko na jambo la macho. Gari linalokujia moja kwa moja halionekani kusogea upande, linaonekana kukua tu. Ubongo wa mtu mzima husoma kasi kutokana na namna gari linavyokua. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha London, tawi la Royal Holloway, wakiongozwa na John Wann, walionyesha kwamba watoto wa shule ya msingi wanashindwa kusoma ukuaji huo gari linapozidi kasi ya kama kilomita 30 kwa saa. Kwao gari hilo linaweza kuonekana kama limesimama. Kwa maneno mengine, kadiri gari linavyokimbia ndivyo mtoto anavyozidi kuliona kama halisogei.

Fanya hesabu mwenyewe. Barabara ya njia mbili ina upana wa kama mita saba. Mtoto anayetembea taratibu, mita moja kwa sekunde, anahitaji sekunde saba kuivuka. Gari la kilomita 80 kwa saa linakata mita 22 kila sekunde. Kwa hiyo gari lililo umbali wa mita 150 anapoweka mguu wa kwanza kwenye lami litamkuta kabla hajamaliza. Mita 150 ni kiwanja cha mpira kizima na nusu yake. Muulize mtoto wa darasa la kwanza kama gari la mbali hivyo ni la kuogopa.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2018, liliandika kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Malaria imepitwa, UKIMWI umepitwa. Hata hivyo, mzazi akimkataza mtoto kwenda peke yake, anayemtaja ni mtekaji. Namwelewa. Mtekaji ana sura na nia, gari halina chuki na mtu. Marekani hofu hiyo ina tarehe: tarehe 25 Mei 1979, Etan Patz, mtoto wa miaka 6, aliruhusiwa kwa mara ya kwanza kwenda mwenyewe hadi kituo cha basi la shule mtaani kwao New York, na hakuonekana tena. Picha zake zikabandikwa kwenye maboksi ya maziwa, zikaingia kila jikoni. Kizazi kizima cha wazazi kililelewa na boksi lile. Mwaka 2008, mwandishi Lenore Skenazy alipoeleza kwamba amemruhusu mwanawe wa miaka 9 apande treni ya chini ya ardhi peke yake katika jiji lile lile, walimwita mama mbaya kuliko wote Marekani. Mtoto alifika nyumbani salama, amejaa furaha.

Kisa cha Patz ni cha kweli na kinauma. Tatizo ni kwamba kinatuelekeza macho kwa mgeni asiyejulikana, ilhali wanaowadhuru watoto, mara nyingi zaidi, ni watu wanaowajua: wa nyumbani, wa jirani, wa shuleni. Kumfungia mtoto ndani hakumwepushi nao.

Uingereza wana takwimu ambayo naipenda kwa ukatili wake. Mtafiti Mayer Hillman na wenzake walilinganisha watoto wa mwaka 1971 na wa mwaka 1990. Mwaka 1971, watoto 80 kati ya kila 100 wa miaka 7 na 8 walikuwa wanakwenda shule bila mtu mzima. Mwaka 1990 walibaki 9. Katika miaka hiyo hiyo vifo vya watoto barabarani vilipungua ingawa magari yaliongezeka sana, na wakubwa wakatamba kwamba barabara zimekuwa salama. Hillman akawajibu kwamba barabara hazijawa salama hata kidogo, watoto ndio wameondolewa. Mto wenye mamba hausemwi kuwa salama kwa sababu watu wameacha kuoga.

Mtu anayetaka kuniumbua hapa atanitajia Japani. Kule kuna kipindi cha televisheni kilichoanza mwaka 1991, Hajimete no Otsukai, ambamo vitoto, wengine wa miaka miwili au mitatu, hutumwa sokoni kwa mara ya kwanza. Kwetu kutuma mtoto dukani si habari ya kuwekwa kwenye televisheni, kwa hiyo nilikitazama nikicheka. Halafu nikaanza kuwahesabu watu wazima. Wapiga picha wamejificha, wenye maduka wameshaambiwa, majirani wako mlangoni. Kwenye maisha ya kawaida ni vivyo hivyo. Shule huchora njia ambayo watoto wataifuata. Wa darasa la kwanza huvaa kifuniko cha njano kwenye mkoba ili waonekane. Sehemu nyingi hutembea kwa kundi, wakubwa wakiwaongoza wadogo, na wazee wa mtaa husimama kwenye vivuko na bendera. Mtoto wa Japani anasindikizwa na mtaa mzima, ila kila mtu anasimama mahali pake.

Na hata huko njia ikilegea, mtoto anakufa. Juni 2021, mjini Yachimata, lori la dereva mlevi liliwaparamia wanafunzi watano waliokuwa wanarudi nyumbani kwenye barabara isiyo na njia ya waenda kwa miguu. Wawili walifariki. Serikali iliagiza njia za shule zikaguliwe nchi nzima. Haikuagiza watoto wakae nyumbani.

Turudi Dar es Salaam, ambako mjadala huu kwa familia nyingi ni anasa. Mama anayetoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi samaki Feri hakai kujiuliza kama mwanawe aende shule peke yake. Ataenda. Atasimama kituoni gizani, daladala itapunguza mwendo, konda atapaza sauti, "Wanafunzi wawili tu!" na kumi watabaki. Nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200, mtu mzima analipa mara tatu yake au zaidi, kwa hiyo kila sare ya shule mlangoni ni hasara kwa konda mwenye hesabu ya tajiri kichwani. Wengine wanapakiwa kwenye bodaboda, mishikaki, watatu kifua kwa mgongo, mdogo kabisa amekalia tangi. Ukiwaambia wazazi hawa wasiwaruhusu watoto kusafiri peke yao, umesema maneno tu.

Njia, hata hivyo, inatengenezeka, na mfano uko hapa hapa. Shirika la Amend lilianzisha Dar es Salaam mpango wa kukagua mazingira ya shule moja moja. Wataalamu walikuwa wanauliza watoto wanagongwa wapi, kisha wanatengeneza pale pale: matuta, kivuko chenye michoro, njia ya miguu iliyotengwa na magari, alama za kupunguza mwendo. Mahali pengine dawa ilikuwa kuhamisha geti la shule kutoka upande wa barabara kuu na kulipeleka upande wa uchochoro. Geti tu! Fundi, saruji na siku chache. Mpango huo umesambaa hadi miji mingine ya Afrika, na mwaka 2019 ulipewa tuzo ya kwanza ya miji ya WRI Ross.

Sasa namba niliyoahidi. Kutumwa dukani ndani ya mtaa, bila kuvuka barabara ya magari: miaka mitano au sita, na ni vizuri kwake, atajifunza kuhesabu chenji na kuwaamkia watu. Kwenda shule kwa miguu njia tulivu, akiwa na wenzake: saba. Kuvuka barabara kuu isiyo na tuta wala taa: si kabla ya miaka kumi, na hata hapo umpeleke mwenyewe wiki mbili za mwanzo, ukitembea nyuma yake kimya uone anachofanya. Daladala: darasa la nne au la tano, akiwa na mwenzake. Wako wazazi watakaoniona mkali, na wako watakaoniona mzembe.

Safari ndefu ya mkoani ina kanuni nyingine, na hapa wenye ndege wametuzidi. Mashirika mengi ya ndege humpokea mtoto asiye na mzazi kuanzia miaka 5, na hadi karibu miaka 12 hawamruhusu aruke bila huduma hiyo. Mzazi anajaza fomu yenye jina la atakayempokea. Mtoto anavishwa kibegi cha hati shingoni. Mfanyakazi anampokea kwa saini, anamkabidhi mhudumu wa ndani, na kule mwisho hatolewi mpaka kitambulisho cha mpokeaji kilingane na fomu. Asipotokea mtu, mtoto habaki kwenye kreti. Huduma hii ina gharama, na British Airways waliifuta mwaka 2016, lakini utaratibu wenyewe hauhitaji ndege. Ni ule ule wa karani wa vifurushi pale Mbezi.

Naona vyama vya wenye mabasi vingeweza kuuanzisha kesho. Faida yake ni pana kuliko wajukuu wanaokwenda likizo. Basi lile lile hubeba wasichana wanaoletwa mjini kufanya kazi za ndani, wengine hawajafika hata miaka 14, na konda huambiwa tu kwamba dada yake atampokea. Sheria ya kuzuia biashara ya kusafirisha binadamu tunayo tangu 2008. Karatasi yenye jina na saini ya mpokeaji ingewapa polisi mahali pa kuanzia, na ingemfanya "dada" wa uongo asite.

Mpaka itakapopatikana, iandike mwenyewe. Jina la mtoto, jina lako, jina la mpokeaji, namba mbili za simu, namba ya basi. Nakala moja mfukoni mwa mtoto, nyingine kwa konda, ya tatu piga picha umtumie anayempokea. Mtafute abiria mwanamke anayeshuka kituo kile kile au mbele yake, umsalimu vizuri, umweleze. Mfundishe mtoto sentensi moja: asipomwona shangazi asishuke, amwambie konda apige simu. Na wewe shangazi uliyeandikwa kwenye karatasi hiyo, ondoka nyumbani mapema, ulitangulie basi stendi.