Sura ya Sita: Baa Tupu Haikufungwa na Jirani

Wenye baa wa Kindu wanaponiita, mara nyingi nakuta fedha imeshakwenda. Huyu ameshamlipa mganga amzikie kitu mlangoni. Yule amenunua spika mbili zinazomfika mtu mabegani. Wa tatu amepaka ukuta upya, rangi nzuri, picha ya chupa imechorwa mpaka povu. Wote wana konjelateri ileile ya zamani, imejaa chupa ambazo saa moja jioni bado ni vuguvugu. Hao ndio ninaowaandikia, na nitaanza na mganga kwa sababu ndiye anayekula wa kwanza.

Madai yake yanajulikana katika komuni zote za mji, Kasuku, Mikelenge na Alunguli: baa imefungwa. Jirani ambaye terasi yake inajaa ametupa dawa usiku, na wateja wakifika mlangoni pako macho yanafunikwa, wanapita. Nimeichoka hadithi hii. Lakini watu wenye akili zao wanaendelea kuiamini, kwa hiyo tuangalie inavyofanya kazi. Mganga huitwa biashara inapokuwa chini kabisa, yaani siku zile ambazo mwalimu na mfanyakazi wa serikali bado wanasubiri mshahara. Wiki mbili baadaye mshahara unatoka, viti vinajaa, na sifa zote zinakwenda kwa mganga. Tena mwenye baa aliyetoa fedha nyingi huamka na matumaini. Anafagia mapema, anafungua saa nane badala ya saa kumi na moja, anamsalimia kila anayepita. Wateja wanaitikia salamu na ufagio, na kile kilichozikwa mlangoni kinaoza.

Fedha ya mganga si hasara kubwa. Hasara kubwa ni jirani. Ukishamwita mchawi, huwezi tena kumwomba akukopeshe vidanji, zile chupa tupu za kurudisha depo, siku mzigo unapofika, wala barafu siku grupu yako, yaani jenereta, inapozimika. Na ukweli ni kwamba baa mbili zilizopakana zinaleteana watu. Mto Lualaba hauna daraja hapa. Mtu wa Alunguli anayetaka kunywea ng'ambo analipia pirogi. Atalipa akiwa na hakika kwamba akikosa bia baridi kwako ataipata mlango wa pili. Baa iliyojitenga haimpi hakika hiyo.

Nilikusudia sura hii ishike mambo matatu kwa zamu: bei, baridi, na watu wenyewe.

Bei haihitaji maneno mengi. Kindu haina kiwanda cha bia. Chupa inafika kwa reli kutoka Katanga, kwa mto kutoka upande wa Kisangani, au kwa ndege, na kila njia ina ushuru na siku zake za kukwama. Ukubwa wa bei umeshaamuliwa kabla kazie haijashushwa mlangoni kwako. Wewe unachezea kipande kidogo tu cha juu. Tuseme faida yako ni faranga 500 kwa chupa, na unauza chupa 60 kwa siku. Ukipunguza bei kwa faranga 200, itabidi uuze chupa 100 ili upate faida ileile. Chupa 100 ni zaidi ya kazie nane. Je, unazo vidanji za kazie nane za kurudisha kwa depo kila siku? Je, unacho cha kuzipozea? Anayeshusha bei bila kujibu maswali hayo huuza kwa kasi siku tatu, kisha hana chupa, na wateja waliovutwa na bei wanakuta meza tupu na hawarudi. Vidanji ndizo mtaji halisi wa baa. Nimeona watu wanahesabu fedha ya droo kila usiku na hawajui wana chupa tupu ngapi, ngapi zimevunjika, ngapi ziko kwenye matanga ya mtaa wa pili.

Sasa baridi, na hapa naomba uvumilivu, kwa sababu kazi yangu ni ya majokofu na naona mambo ambayo wengine hawataki kuyapigia hesabu. Wengi huamini kwamba konjelateri ni chombo cha baridi: tia chupa, funga, ngoja. Konjelateri ni pampu. Inachota joto kutoka ndani na kulitupa nje, na inachota polepole. Chupa kubwa ya bia yetu ni sentilita 72, kazie ni chupa 12. Kuzishusha kutoka nyuzi 30 mpaka nyuzi 6, pamoja na kioo chake, ni kuondoa joto la karibu kilojuli 1,000. Konjelateri ndogo ya nyumbani inayochota kwa kasi ya wati 100 itahitaji karibu saa tatu kwa kazie hiyo moja. Ukiweka kazie nne inahitaji saa kumi na moja. Sasa fikiria mwenye baa anayewasha grupu saa kumi na mbili jioni, wateja wanapoanza kuingia. Bia yake itakuwa tayari alfajiri, na yeye atakuwa amelala. Halafu kila dakika tano mfuniko unafunguliwa, na kila inapotoka chupa moja baridi inatiwa moja ya moto mahali pake, inawapasha jirani zake.

Dawa ya hali hii ni barafu. Umeme ukipatikana usiku wa manane, au jua likiwa kali juu ya paneli saa saba mchana, usigandishe bia. Gandisha maji kwenye bidoni ndogo. (Bia ikiganda chupa inapasuka, na umepoteza bia na vidanji pamoja.) Kilo moja ya barafu inapoyeyuka hunyonya kilojuli 334, kwa hiyo kilo tatu zinatosha kubeba joto la kazie nzima, bila kuhesabu maji ya pipa. Barafu haikupi nguvu ya bure: kuzitengeneza kilo tatu hizo, ukianza na maji ya nyuzi 25, ni kuondoa kilojuli 1,300 hivi, zaidi ya kupoza bia yenyewe. Lakini unalipa wakati hakuna mteja, na unatumia mteja anapofika. Jioni mimina maji kwenye pipa, pasua barafu ndani yake, zamisha chupa mpaka shingoni. Hewa ya konjelateri inagusa chupa kivivu; maji yanaikumbatia kila upande, na nusu saa inatosha. Pipa likae ndani ya sanduku la mbao, na nafasi kati yao ijazwe makapi makavu ya mpunga. Mkoa wetu wa Maniema unalima mpunga tangu zama za Waarabu na Waswahili wa Kasongo, na makapi yanatupwa nyuma ya kila kinu. Yanazuia joto vizuri mno, mradi yasilowe. Mwenye baa anayekwenda kuomba mkopo wa kununua konjelateri ya pili ajenge kwanza sanduku hili.

Watu wenyewe nitawafikia, lakini kwanza spika. Mtu huniambia: muziki mkubwa unauza. Kuna ukweli mdogo ndani yake na sitauficha. Mwaka 2008 Nicolas Guéguen na wenzake walichapisha jaribio walilofanya katika baa mbili za magharibi mwa Ufaransa: wanaume 40, muziki wa desibeli 72 kwa wengine na 88 kwa wengine. Waliopigiwa muziki mkubwa walikunywa haraka zaidi na kuagiza zaidi. Lakini soma vizuri kilichopimwa. Watu hao walikuwa wameshakaa. Jaribio halikuonyesha kwamba kelele ilimtoa mtu nyumbani kwake. Baa yenye viti vitupu haina mtu wa kuharakishwa, na petroli inayolisha spika ingeweza kugandisha barafu.

Hapo ndipo hutajiwa OK Bar, na mimi pia siwezi kuipita, kwa hiyo mpangilio wangu wa mambo matatu usubiri. Kila mtu anajua kwamba orkesta ya OK Jazz ilizaliwa kwenye baa hiyo huko Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwezi wa sita mwaka 1956, na kwamba herufi zile mbili ni za mwenye baa, Kashama. Franco, mpiga gitaa wake, hakuwa ametimiza miaka 18. Wenye baa wa leo wanachukua fundisho moja: lete orkesta, watu watafuata. Wanasahau kwamba vijana wale walikuwa wanamuziki wa studio ya Loningisa, na kilichowapa wasikilizaji ni kurudi palepale, jukwaa lilelile, siku zinazojulikana. Mtu wa mtaa wa mbali aliweza kupanga Jumapili yake kwa kuwategemea. Orkesta inayopiga mara moja kwa mwaka hujaza ua usiku mmoja, na kesho yake baa inarudi ilivyokuwa, ikiwa na deni la mafuta na la wapiga gitaa.

Na baa za Léopoldville za miaka ile zilikuwa na nguvu nyingine ambayo wasimulizi wanaipita haraka: vyama vya wanawake. Wanawake wa mji walijiunga, wakachanga, wakasaidiana kwenye uzazi na matanga, wakashona kitambaa kimoja, na chama kikachagua baa yake ya kukutania. Wenye baa waligombea vyama hivyo. Chama kimoja kilileta meza nzima ya watu wanaolipa, kilileta heshima, na kilileta wengine waliokuja kuona mavazi na kusikiliza orkesta inayowaimba wanachama. Ukiniuliza nani alijenga biashara ya nganda, yaani baa, katika nchi hii, nitawataja wanawake wale kabla sijamtaja mpiga gitaa yeyote.

Likilimba, yaani chama cha kuchangiana fedha, cha mama wauza samaki na mchele wa Kindu inakutana wapi leo? Uani kwa mmoja wao, kwenye viti vya kuazima. Nimewaambia wenye baa wengi: wapeni saa kumi alasiri, wakati ambapo meza zenu hazina mtu. Msiwadai kiingilio. Wengine watakunywa bia, wengine Fanta, wengine watataka chai, na watakuja tena tarehe ileile mwezi ujao, hata bei ya petroli ikipanda. Jibu ninalopewa linaniudhi: "Baa yangu si ya akina mama." Kisha mtu huyohuyo anamwajiri msichana wa kuhudumu, anamvalisha sketi fupi, na kumwacha ashikweshikwe ili wanaume wabaki. Anadhani anavuta wateja. Anawafukuza nusu ya watu wa mji, na wale wanaume wenye heshima zao wanaotaka kuja na wake zao nao wanakwenda kwingine. Msichana huyo ana haki ya kufanya kazi bila kuguswa, na mwenye baa ndiye wa kumwambia mteja hivyo, kwa sauti, mbele ya watu. Halafu choo: kiwe na mlango, mlango uwe na komeo, ndani kuwe na ndoo ya maji na taa. Ukikosa hivyo, likilimba haitakuja mara ya pili.

Wenye nganda wa Kama, huko Pangi, huniuliza kama haya yanawahusu. Barafu inawahusu zaidi, kwa sababu kwao kila chupa imesafiri mbali zaidi na umeme ni wa yule aliyejinunulia. Hesabu ya wateja ni tofauti, maana wateja wao ni wachimbaji. Mchimbaji wa dhahabu hana mwisho wa mwezi. Ana siku aliyouza na siku nyingi ambazo hakuuza. Anayemnywesha kwa boni kati ya siku hizo mbili anamkopesha mtu ambaye shimo lake linaweza kujaa maji kesho, naye akahamia machimbo mengine bila kuaga. Mimi nawashauri boni isizidi chupa tatu kwa mtu, iandikwe mbele yake, na vidanji isiondoke uani kwa deni hata mara moja, maana fedha ya bia mwenye nganda anaweza kuipata kwa mteja mwingine, lakini chupa tupu iliyobaki kambini porini, ng'ambo ya mito miwili, hakuna atakayeifuata.