Puru Tupu Kabla ya Mionzi ya Tezi Dume
Tezi dume imekaa chini ya kibofu cha mkojo, mbele ya puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Puru ikijaa kinyesi au gesi, huisukuma tezi mbele kwa milimita kadhaa. Kwa macho ni kidogo. Kwa mionzi iliyopimwa kwa picha za CT skani ni kosa kubwa, maana sehemu ya saratani inaweza kukosa dozi yake na ukuta wa puru ukaunguzwa bure.

Ndiyo maana mgonjwa hutakiwa kwenda haja kubwa kabla ya kila kikao, na vikao mara nyingi hufika 20 au zaidi. Hospitali nyingine humpa kichupa cha dawa ya kuingiza njia ya haja kubwa: hulala ubavu wa kushoto, hukibinya, husubiri dakika chache, kisha huenda chooni. Kibofu, kinyume chake, kwa kawaida huachwa kikiwa na mkojo. Maharage, kabichi na soda hupunguzwa kwa sababu ya gesi. Akifunga choo au akiharisha, awaambie wahudumu mapema, bila haya: kuchelewesha kikao nusu saa ni bora kuliko kupiga mionzi pasipostahili.